Kadi 40 ukutani, Kihispania hakiingii

SWALI

Ndugu washauri,

Salaam nyingi kutoka Minneapolis. Mimi ni Mtanzania, nina deikea ndogo hapa nyumbani kwangu yenye watoto sita: wawili wa miaka mitatu, watatu wa miaka minne na mmoja anayekaribia mitano. Mmoja wa hao wa miaka minne ni wa kwangu. Wawili wanatoka familia za Wameksiko, lakini siku hizi hata wazazi wao wakiwasemesha Kihispania wanajibu kwa Kiingereza. Wazazi walikaa wakaniomba niwafundishe watoto wote Kihispania kidogo. Nilikisoma chuoni miaka miwili. Nakielewa, ila nakisema kwa kuchechemea.

Nilianza mwishoni mwa Agosti. Nilinunua kadi 40 za picha za majira haya ya majani kupukutika: jani, boga, epo, kindi, sanamu ya kutishia ndege, mwavuli na vinginevyo. Kila asubuhi tunakaa mkekani dakika 30. Nainua kadi, nasema neno, nawaambia maana yake kwa Kiingereza, wanarudia. Leo ni wiki ya nne na nikiinua kadi wananitajia Kiingereza chake. Wale wadogo wanajilaza au wanatafuna kona za kadi.

Nikaona nibadilishe, nifanye shughuli za mikono. Tulichonga boga, likaoza ndani ya siku nne, nyumba nzima ikanuka. Tukaweka majani chini ya karatasi tukasugua rangi juu yake, hakikutokea kitu ila ukungu wa rangi. Nimebaki nashangaa, wenzangu wanafanyaje?

Halafu nina hofu mbili. Lafudhi yangu si ya Kihispania, nisije nikawaharibu watoto wa watu. Na dada yangu ananiambia mwanangu, ambaye nyumbani namsemesha Kiswahili, nikimwongezea lugha ya tatu atachanganyikiwa na Kiswahili kitamtoka. Wazazi nao wanataka kuona matunda kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba.

Mama Tumaini


JIBU

Mama Tumaini, ahsante kwa barua iliyoeleza mambo kinagaubaga. Ingawa umeuliza mengi, mzizi wake ni mmoja: maneno yako yako kwenye kadi, hayako kwenye kazi.

Hizo kadi zitie kabatini. Maneno 40 yakisemwa mara mbili au tatu kila asubuhi, mtoto hana pa kuyaegemeza. Na ukitaja maana kwa Kiingereza kila mara, kuna somo moja watoto wanalishika barabara: kwamba Kiingereza kinakuja, kisubiriwe. Ndiyo maana kadi ikiinuka wanakutajia Kiingereza. Wamekuelewa vizuri kabisa.

Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher, tangu miaka ya 1960, alijenga njia ya kufundishia lugha juu ya amri na mwendo wa mwili: mwalimu anasema, mwanafunzi anatenda, wala halazimishwi kutamka mpaka awe tayari. Kwa watoto wa umri huu hatujui njia inayowafaa kuliko hii, maana tayari wanaishi hivyo. Siku nzima wanaambiwa lete, weka, vaa, ngoja.

Chagua vitenzi sita tu: busca (tafuta), dame (nipe), pon (weka), mira (tazama), cuenta (hesabu), sopla (puliza). Vitu sita: hoja (jani), árbol (mti), calabaza (boga), manzana (epo), semilla (mbegu), ardilla (kindi). Rangi nne: rojo (nyekundu), amarillo (njano), naranja (ya machungwa), café (kahawia). Ongeza grande na pequeña kwa kubwa na dogo, kisha uhesabu mpaka diez (kumi). Huo ndio mzigo wote mpaka katikati ya Novemba. Unaona mdogo, lakini ukiuchanganya unapata sentensi nyingi kuliko kadi zako zote. Sanamu ya kutishia ndege inaitwa espantapájaros. Mwachie mwenyewe shamba lake.

Dakika nazo zipunguze. Badala ya 30 mfululizo fanya 10 nje na 10 mezani, kila siku, kwa maneno yaleyale. Mtoto wa miaka mitatu anayejilaza dakika ya kumi na mbili hana utovu wa adabu, amechoka.

Sasa majani, maana hapo ulipo ndipo penye mali. Katika eneo la Minneapolis rangi hukolea kuanzia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba, kwa hiyo una wiki mbili tatu tu, usizipoteze mkekani. Kila mtoto apewe mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na majani yaliyookotwa na umande yatakuwa na ukungu baada ya siku mbili. Kabla hamjatoka, kagua mwenyewe kingo za ua na vigogo vya miti mkiendako: poison ivy huwa na vijani vitatu vitatu kwenye kikonyo kimoja, hugeuka wekundu wa kuvutia majira haya haya, na huwasha ngozi vibaya hata ukiwa umekauka. Mtoto uliyemfundisha kutafuta chekundu ataukimbilia huo kwanza.

Mkifika, okota jani moja lililo jekundu tupu, liinue usawa wa mdomo wako, useme polepole: «Mira. Una hoja roja.» Litie mfukoni mwako. Kisha: «Busca una hoja roja.» Usiseme zaidi ya hapo, wala usitafsiri. Nenda wewe mwenyewe ukatafute la pili mbele yao, ulitie mfukoni kwa furaha, urudie amri. Wa miaka minne wataingia kazini bila kuambiwa, na wa miaka mitatu watawafuata wenzao.

Atakuja mmoja na jani la njano. Hapa wengi hukosea kwa kusema hapana. Lipokee: «Ah, una hoja amarilla. Gracias.» Liweke kando ya lile jekundu, ayaone yote mawili, kisha umtume tena: «Busca una hoja roja.» Amesahihishwa bila kukaripiwa, tena amesikia rangi mbili kwa pamoja, na masikio hujifunza kwa kulinganisha.

Siku za mwanzo chagua majani yasiyo na utata. Miti ya maple hupenda kutoa jani lenye wekundu, njano na kijani kwa pamoja. Mtoto akikuletea hilo na wewe umeomba jekundu, nani amekosea? Hayo yawekee wiki ya tatu, mtakapokuwa tayari kwa «roja y amarilla».

Ndani, tandika shuka jeupe na uweke sahani nne za karatasi, kila moja imepakwa rangi yake. «Pon la hoja aquí.» Mtoto anaweka. Mkimaliza mnahesabu kila sahani: «Cuenta. Una, dos, tres...» Angalia hiyo una: mnapohesabu majani ni una, si uno, kwa sababu hoja ni ya kike.

Mtego mmoja huwanasa hata walimu wazoefu. Unasema «dame la hoja café» na macho yako tayari yako kwenye jani la kahawia. Mtoto anasoma macho, anakupa jani sahihi, unampongeza, kumbe neno lenyewe hakulisikia. Ukitaka kujua kama limeingia, panga majani manne, tazama dari, ndipo useme. Fanya hivyo mwisho wa wiki ya tatu na watoto mmoja mmoja. Wakipatia matatu katika manne, endelea. Wakikisia, rudini nje wiki nyingine kwa maneno yaleyale.

Majani yenyewe yatakusaidia. Lililookotwa jekundu Jumatatu likiachwa mezani, Ijumaa limejikunja na kugeuka kahawia. Wengi hulitupa. Wewe liweke kando ya jani bichi: «Antes, roja. Ahora, café.» Kabla, sasa, hilo ni somo la wakati ambalo kadi haiwezi kulitoa. Unayotaka yabaki na rangi yake, yatandaze kati ya karatasi za gazeti, yakandamize chini ya vitabu vizito siku tano mpaka saba, na ubadilishe gazeti siku ya pili kwa sababu ndipo maji mengi hutoka.

Kuhusu ule ukungu wa rangi mliopata, sababu huwa mojawapo ya hizi, au zote. Jani liliwekwa uso juu: mishipa ya jani imejitokeza upande wa chini, kwa hiyo ligeuze tumbo juu. Au karatasi ilikuwa nene: tumia karatasi nyembamba ya kuchapia, ile ya kuchorea vitabuni inafyonza alama zote. Au jani lilikuwa kavu, likavunjika vipande. Na rangi ya nta haisugui kwa ncha. Ichune karatasi yake, ilaze ubavu, ndipo usugue. Bandika kona za karatasi kwa utepe wa gundi, maana ikisogea nusu sentimita tu mishipa inakuwa miwili. Wakati mkono unasugua, mdomo wako uwe na «frota, frota, frota», na jani likianza kujitokeza: «¡Mira! ¡Una hoja!» Tuliacha frota nje ya orodha makusudi. Maneno ya namna hiyo yaje na kazi yake, yaende nayo, bila kudaiwa.

Boga lako lilioza kwa sababu ulilichonga. Likishafunguliwa, nyama yake yenye maji inakutana na hewa ya nyumba yenye joto, na kwa siku tatu mpaka saba ukungu huwa umeshaingia kazini. Boga zima, lisilo na jeraha na lenye kikonyo chake, hukaa wiki kadhaa. Basi nunua mawili madogo, yale ya kupikia, ya kilo mbili au tatu, na moja kubwa. Yasichongwe mpaka siku mtakayotaka mbegu. Kwanza yanatumika hivyo hivyo: «Dame la calabaza pequeña.» Kubwa halinyanyuki, na mtoto anayelisukuma kwa mwili mzima huku anasema «¡grande!» hahitaji tafsiri.

Shughuli tunayoipenda kuliko zote ni ya beseni. Jaza maji kina cha sentimita 15, liweke sakafuni juu ya taulo, na usiondoke hapo hata kama simu inaita. ¿Flota o se hunde? Linaelea au linazama? Kila mtoto akisie kwanza kwa kidole, juu au chini, ndipo atumbukize. Boga dogo linaelea, na watoto hawaamini, kwa sababu mikononi lilikuwa zito. Ndani lina uwazi. Epo nalo linaelea, maana karibu robo ya ujazo wake ni hewa. Jiwe, piedra, linazama. Kisha leta matunda ya mwaloni, bellotas: lililo zima huzama, lililotobolewa na mdudu huelea. Mtabaki hapo nusu saa na hutasikia mtu akitafuna kadi.

Siku ya kulifungua boga, wewe ukate kifuniko, wao watumie vijiko na mikono. Mbegu zioshwe kwenye chujio na mzihesabu kumi kumi katika vikombe vya trei ya keki. Hapo diez inasemwa na kila kikombe, na ukiwa na mbegu 200 watoto wameisikia mara 20 bila kuchoka. Za kula, kausha kikombe kimoja kwa taulo, changanya na kijiko kimoja cha chai cha mafuta na robo kijiko cha chumvi, tandaza safu moja, oka kwa nyuzi 300 za Fahrenheit dakika 20 mpaka 30 ukizigeuza katikati. Zikilowa zitachemka badala ya kukauka, zitoke ngumu kama ngozi. Lakini hili lisikilize: mbegu nzima ni hatari ya kumkaba mtoto aliye chini ya miaka minne. Wale wawili wadogo wahesabu tu, na kula wale kitu kingine. Matunda ya mwaloni nayo usiwaachie peke yao.

Kwa epo hatuna mengi. Likate kwa kuvuka katikati, si kutoka juu kwenda chini, uwaonyeshe nyota ya vyumba vitano vya mbegu: «Mira, una estrella.» Kwa kupiga chapa ya rangi, futa uso uliokatwa na uuache dakika 10 ukauke, maji ya epo ndiyo yanayofanya rangi iteleze. La kula, likate vipande vyembamba kama karatasi. Onjeni jekundu, la kijani na la njano, kila mmoja aseme «me gusta» (napenda) au «no me gusta» (sipendi). Mtoto asiyetamka kitu wiki nzima utashangaa anavyoitamka «no».

Ila kama ungekuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu katika haya yote, tungekwambia uchukue mlango wa kutokea. Oktoba yenu si ya mchezo, na watoto sita wanaovaa kabla ya kutoka na kuvua wakirudi ni dakika nyingi zilizokuwa zinapotea. «Hace frío. Ponte el suéter. Ponte el gorro. Ponte las botas.» Hace frío ni kuna baridi, ponte ni vaa. Suéter ni sweta, wala hutafundisha, gorro ni kofia, botas ni buti. Amri zilezile, mpangilio uleule, kila siku, na mtoto ana sababu ya kuelewa kwa sababu anataka kutoka. Wiki ya pili simama mlangoni na kofia yako miguuni, useme «ponte el gorro». Wakikucheka, wameelewa.

Kuhusu kutamka kwao, usidai. Watoto wengi husikiliza wiki nyingi kabla ya kusema. Wiki mbili za mwanzo uliza la kujibiwa sí au no: «¿Es roja?» Kisha la kuchagua: «¿Roja o amarilla?» Hapo jibu limo ndani ya swali, analiokota tu. Kuanzia wiki ya tano ndipo uulize «¿De qué color es?», yaani ni la rangi gani? Ukianza na hili la mwisho, unapata kimya, unajibu mwenyewe kwa Kiingereza, na umerudi kwenye kadi.

Sasa lafudhi. Hapa tunaomba uketi vizuri, kwa sababu una mtaji usioujua. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa kama zetu. Mkazo pia: neno linaloishia na irabu, n au s hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Calabaza, manzana, semilla, zisome kama vile umezizoea. Likivunja kanuni, alama inakuonyesha: café, árbol. Ñ ni ny ya nyanya, basi otoño, yaani majira haya, ni otonyo. LL huko Meksiko ni y: ardiya, amariyo. Z ni s: kalabasa, mansana. V husomwa b, H haisomwi. J ni kh ya kheri, kwa hiyo hoja ni okha. Na ukiilegeza ikawa oha, hivyo ndivyo wanavyosema watu wengi wa visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati.

Penye kukuponza ni patatu. Kwanza, ulimi wetu hupenda kumalizia neno kwa irabu: color lisiwe kolori, wala árbol lisiwe aboli. Pili, kama kwenu r na l hubadilishana, zitenge: pero ni lakini, pelo ni nywele. Tatu, ile alama juu ya ñ usiisahau unapoandika. Año ni mwaka; ukiandika ano umetaja tundu la haja kubwa, na bango la «una umri gani» likibandikwa hivyo ukutani wazazi wa Kimeksiko watalisoma kabla hawajavua viatu.

Lingine la aibu: ukipata masomo yaliyoandikwa Hispania utakuta amri coge, yaani chukua, okota. Huko ni neno la kawaida. Meksiko ni tusi la chumbani. Sema agarra au recoge. Maneno mengine yanatofautiana bila hatari: boga ni calabaza Meksiko, zapallo Argentina na Chile, auyama Jamhuri ya Dominika na Venezuela, ayote Guatemala. Kahawia ni café kwa Wameksiko na marrón Hispania. Kwa kuwa familia ulizonazo ni za Meksiko, fuata za kwao moja kwa moja, usiwarundikie watoto visawe. Na ukikuta video ya Chile au Argentina inayosema otoño huanza Machi, haijakosea. Wako kusini mwa ikweta.

Hao watoto wawili wa Kimeksiko usiwafanye wakalimani wala usiwasimamishe mbele kuonyesha. Mtoto anayejibu kwa Kiingereza mara nyingi ameshaona kwamba Kihispania ni cha nyumbani na hapa hakina kazi. Mpe kazi. Baada ya wiki mbili za amri zako, mkabidhi kikapu: «Te toca a ti», zamu yako. Sasa yeye ndiye anaomba majani na wenzake wanamtafutia. Huenda siku ya kwanza akaonyesha kwa kidole tu. Msubiri, atakapotaka jani jekundu na wenzake wanamletea la njano, dame la roja itamtoka yenyewe.

Utashawishika tarehe 1 na 2 Novemba kufanya Día de Muertos. Ni siku ya familia za Meksiko kuwakumbuka wafu wao, si Halloween iliyovalishwa Kihispania, na usiichanganye na vinyago vya Oktoba 31. Waulize kwanza wale wazazi wawili kama wanaiadhimisha na wangependa nini kifanyike, kisha uwaulize wengine wote, kwa kuwa zipo familia za Kikristo na za Kiislamu zisizotaka. Mkikubaliana, maua ya karatasi laini ya rangi ya machungwa yanatosha: karatasi tano za sentimita 15 kwa 20, mkazikunja kama feni, mkazifunga katikati, mkachambua tabaka moja moja. Wa miaka mitatu watazichana wakizichambua, kwa hiyo kata za ziada.

Dada yako mwambie asiwe na wasiwasi. Watoto wa Mombasa, Goma au Arusha wanaokua na lugha tatu hawajawahi kutibiwa kwa ajili hiyo. Mwanao atachanganya maneno, nao ni mchanganyiko wa kawaida wa mtoto mwenye lugha nyingi. Kinachofukuza Kiswahili ni wewe kuacha kukisema, si yeye kusikia dakika 20 za Kihispania. Kihispania kiwe cha deikea, na wenzake wakishaondoka rudi kwenye Kiswahili bila kukichuja. Tena mwokotee jani lilelile jioni. Jani jekundu, majani mekundu. Hoja roja, hojas rojas. Sikio lililozoea ngeli haliulizi kwa nini kivumishi kinafuata nomino yake kwa umbo, wakati mtoto mwenye Kiingereza peke yake itabidi azoeshwe. Na jani likikauka ni la kahawia kwa sababu ya kahawa, na kwa Mmeksiko ni café kwa sababu hiyohiyo. Naranja ni chungwa na ni rangi ya machungwa. Hizo ni rangi ambazo mwanao anazipata kwa bei ya nusu.

Wazazi wanataka kuona matunda. Usiwaandalie mashairi ya kukariri. Mtoto atasimama mbele ya watu akimeza kidole, nao waseme hajui kitu. Wiki ya Thanksgiving, wakija kuchukua watoto, panga mezani majani yaliyokaushwa, boga moja dogo na bakuli la mbegu. Mpe kila mzazi kikaratasi chenye amri tatu, naye ndiye amwambie mwanawe: Dame la hoja amarilla. Pon la calabaza aquí. Cuenta cinco semillas. Chini ya kila sentensi andika jinsi ya kuisoma, kwa sababu mzazi asiyejua Kihispania ataisoma hoja kwa j ya Kiingereza na mtoto atamtumbulia macho. Waambie wasitazame jani wanapolitaja.